Jumatano ni ya tano, Alhamisi nayo ni ya tano. Jumasita iko wapi?

Mwalimu_wa_Kuja (Ijumaa, saa 3:20 usiku)

Habari za usiku wenyeji. Nina swali la lugha, ila limeanza na aibu, kwa hiyo acheni niitoe aibu kwanza.

Mimi nimetoka Iringa, nafundisha darasa la tatu hapa Chake Chake, nina miezi mitano tu Pemba. Kuna mama mtu mzima ananiuzia vitumbua asubuhi, kila mtu humwita Bi Mkubwa na mimi nimeiga. Kwake ni Wawi. Jumanne, huku ananifungia vitumbua kwenye gazeti, aliniambia: "Mwanangu, usiku wa Ijumaa tuna khitma ya marehemu mume wangu. Usile kwengine, uje."

Nikafurahi kweli, maana ndiyo mara yangu ya kwanza kualikwa nyumbani kwa mtu huku. Leo nimetoka shule, nimenunua sukari kilo mbili na majani ya chai, nimevaa dera jipya na mtandio, saa moja na nusu nikapiga hodi.

Ua mweupe. Majamvi yamekunjwa yameegeshwa ukutani. Sufuria tatu kubwa zimefudikizwa juu ya mawe, masizi yameshasuguliwa. Bi Mkubwa kakaa barazani anakunywa uji na wajukuu wawili. Akanitazama mimi, akautazama mfuko wa sukari. "Mwanangu, jana tumekungoja mpaka watu wamenawa."

Nikamwambia jana ilikuwa Alhamisi. Akasema, bila ubishi wowote, kama anamwelekeza mtoto: "Jana mchana ilikuwa Alkhamis. Jana usiku ilikuwa Ijumaa."

Akanipashia pilau ya jana, nikala nimeinama.

Sasa hilo moja. La pili ni la darasani, wiki hii hii. Nimeandika ubaoni siku za wiki: 1 Jumatatu, 2 Jumanne, 3 Jumatano, nikaendelea. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hainui kidole hata umwite, akainua: "Mwalimu, kwenye moja umeandika tatu." Darasa zima likaangua kicheko. Nikawaambia zamani walianza kuhesabu Jumamosi, ndiyo maana ina mosi. Hakutosheka. "Haya, baada ya tano mbona hakuna sita?"

Nimefungua kamusi. Alhamisi inatokana na tano ya Kiarabu. Yaani Jumatano ni ya tano, na kesho yake tena ni ya tano! Nimesema Kiswahili maisha yangu yote na sijawahi kuliona hilo. Nani anaweza kunieleza kabla ya Jumatatu, maana yule kijana ananisubiri?

Kibatari (Ijumaa, saa 3:41 usiku)

Jumasita ilipanda boti ya asubuhi kwenda Bara, haijarudi. Pole mwalimu. Sukari uliiacha au ulirudi nayo?

Mwalimu_wa_Kuja (Ijumaa, saa 3:44 usiku)

Niliiacha. Alinishukuru sana, ndiyo ikazidi kuniuma.

Mwana_wa_Ngome (Ijumaa, saa 4:15 usiku)

Hii ya kuhesabu siku ni ya Wareno. Walitawala mwambao huu miaka mingi kabla ya Waomani, na wametuachia meza, leso, mvinyo, gereza. Na siku zao wanahesabu kama sisi: segunda ni ya pili, terça ya tatu, quarta ya nne, quinta ya tano, sexta ya sita. Waarabu wakaja juu yake wakatia Alhamisi na Ijumaa, ndiyo hesabu ikakatika. Ni rahisi tu.

FundiSaa_Darajani (Jumamosi, saa 2:05 asubuhi)

Assalaam alaykum.

Mwalimu, tazama juu ya ujumbe wako wa mwanzo. Imeandikwa Ijumaa, saa 3:20 usiku. Kwa hesabu ya Bi Mkubwa, ulipokuwa unaandika, Ijumaa ilishakwenda zake tangu magharibi. Uliandika usiku wa Jumamosi. Umekosa siku mara mbili kwa jambo moja, na mara ya pili umesaidiwa na mtambo.

Mimi ni mtu wa Wete, lakini meza yangu ya saa iko Darajani, Unguja, tangu 1981. Ninayoyajua juu ya siku kwanza niliyaona ndani ya saa, vitabu vikaja baadaye. Zile saa za mkono za Kijapani zenye dirisha la siku na tarehe, nyingi zilizoingia kwetu zilipitia Dubai na Maskati. Ndani yake mna sahani nyembamba kama ganda la kitunguu, imeandikwa majina kumi na nne: saba ya Kiingereza, saba ya Kiarabu, yamepandana, moja la huku, moja la kule. Mwenye saa huchagua lugha kwa kuzungusha kitufe cha pembeni.

Siku moja, bado kijana, nimeshika saa ya mtu naijaribu. Naizungusha, likaja jina la Kiarabu: arbaa. Nikaisukuma kidogo likaja la Kiingereza la siku ile ile. Na ilikuwa Jumatano. Nikasita na bisibisi mkononi. Arbaa ni nne, tulifundishwa chuoni, chuo cha Kurani, na bakora. Dirisha moja, siku moja, Mwarabu anaiita ya nne na mimi naiita ya tano. Nikarudi nyuma. Thulatha, ya tatu: mimi nasema Jumanne. Ithnain, ya pili: mimi Jumatatu. Ahad, ya mwanzo: mimi Jumapili. Tumepishana moja tu, njia nzima. Nikasonga mbele mpaka khamis, ya tano, na mimi nasema Alkhamis. Hapo tumekutana.

Basi jibu lako ni hilo, mwanangu: tano zako mbili ni za hesabu mbili. Ya kwanza ni tano ya Mswahili, aliyeanza kuhesabu Jumamosi. Ya pili ni tano ya Mwarabu, aliyeanza kuhesabu Jumapili. Siku iliyotangulia hiyo yeye anaiita Sabt, neno ndugu na shabbat ya Kiyahudi, la kupumzika, ndilo walilonalo Wasabato. Sisi Sabt hatukuichukua. Tukaiita mosi.

Na kwa nini mosi iwe hapo? Kwa sababu fundo letu ni Ijumaa. Kabla hatujaazima "wiki" kwa Mwingereza, siku saba ziliitwa juma, na juma ni Ijumaa hiyo hiyo iliyovuliwa kofia. Wazee wetu Pemba hutamka Jumaamosi, Jumaapili, wanavuta, na ukivuta hivyo unaisikia Ijumaa imekaa ndani. Fundo likishafungwa unaanza kuhesabu upya: ya mosi, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Kisha tunaacha. Ingekuja Jumasita na Jumasaba, lakini mbili za mwisho hazikuhesabiwa, zina majina yao, yamekuja mazima na dini. Ijumaa ni siku ya mkusanyiko, na Alkhamis ina heshima yake, watu hufunga sunna.

Ndugu yangu wa Ngome, Wareno tuwaachie meza. Segunda yao, ya pili, ni Jumatatu yetu. Wao pia wanaanza kuhesabu Jumapili, ingawa yenyewe wameipa jina la Bwana wao, domingo. Wangetufundisha wao kuhesabu, Jumatatu ingeitwa Jumapili, na mwalimu angechekwa kwa sababu nyengine.

Ama habari ya usiku: siku yetu inaanza jua likizama. Usiku ndio mkubwa, mchana unafuata. Hili kila mtu analijua ila halitazami. Mwezi wa Ramadhani ukiandama, tarawehe husaliwa usiku ule ule, na saumu inaanza alfajiri ya kesho yake. Tarawehe imetangulia kwa sababu usiku ule ushakuwa wa Ramadhani. Vivyo hivyo usiku wa Ijumaa ndio unaoitangulia Ijumaa. Ndio wa Yasin, ndio wa khitma. Watangazaji wa redio wameona watu wanapotea kama ulivyopotea wewe, ndio husema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Hata Mapinduzi, 12 Januari 1964, ilikuwa Jumapili, na utasikia yalitokea usiku wa kuamkia Jumapili. Bibi yangu hakuhitaji "kuamkia" yoyote. Alisema usiku wa Jumapili, basi, na aliyemsikia alijua ni upi.

Mdogo wangu anaitwa Juma. Kazaliwa Alkhamis, saa mbili za usiku. Mama hakutaka kusikia habari ya Khamis, kwa sababu magharibi ilishaingia na mtoto ni wa Ijumaa. Kadi ya uzazi imeandikwa Alkhamis. Mwaka mmoja alikuwa anajaza fomu, kijana wa dirishani akamtania: "Mzee, wewe Juma wa Alkhamis?" Akamjibu: "Ndiyo, na wewe ungezaliwa saa ile ungeitwa Juma vile vile."

Mwalimu_wa_Kuja (Jumamosi, saa 4:30 asubuhi)

Shikamoo fundi. Nimesoma mara tatu, mara ya tatu nimechukua karatasi nikachora sahani yako na majina yake. Nimeelewa tano mbili. Sasa nitaonekana mbishi kama yule kijana wangu, lakini umesema Alhamisi imebaki na jina lake kwa heshima ya saumu. Bi Mkubwa anafunga Jumatatu na Alhamisi. Nawajua wengi hapa shuleni wanafunga zote mbili. Mbona Jumatatu haikubaki Ithnain?

Mwana_wa_Ngome (Jumamosi, saa 5:10 asubuhi)

Fundi nimekubali, Wareno wamekwenda. Lakini nikuulize, kama Ijumaa ni mkusanyiko, basi ndugu zake ni jamaa, jamii, jumuiya, jumla, jumba?

FundiSaa_Darajani (Jumamosi, saa 9:20 alasiri)

Marahaba mwalimu. Samahani, asubuhi nilikuwa na saa ya ukutani imefumuliwa mezani na huwezi kuiacha springi wazi ukaenda kuandika.

Kwanza wa Ngome. Jamaa, jamii, jumuiya, kujumuika, ndio, wote watoto wa jim, mim na ain: kukusanya. Kabla ya Uislamu Waarabu siku hiyo waliiita Aruba. Jina la Jumua ndilo lililosimama, na ndilo jina la sura ya 62. Jumla si ndugu. Mwisho wake ni lam, hauna ain, hiyo ni nyumba nyengine. Na jumba, bwana wee, ni nyumba tu iliyonenepa.

Mwalimu, hapo umenibana. Ile hoja ya saumu nilikuwa nimeiegemea na umeivuta kiti. Naitupa. Nilifikiri juu yake nikiwa natia mafuta, nikakumbuka chuo.

Nilisoma chuo kwa mwalimu wetu Wete, kwenye ukumbi wa nyumba yake, tumekaa juu ya mkeka, kila mtu na juzuu yake. Tunaanza Jumamosi. Tunasoma Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alkhamis tunakuja asubuhi tu, tunadurusu, tunafagia ukumbi na uwanja, tunajaza mtungi, kila mmoja anampa mwalimu senti alizopewa na mama yake, tunafunguliwa. Hiyo ndiyo saa tuliyokuwa tukiingoja tangu mosi. Ijumaa hakuna chuo kabisa, ni kuoga, kanzu na msikiti.

Haya, hesabu siku za kazi hapo. Mosi, pili, tatu, nne, tano. Zile zilizohesabiwa ndizo za kusoma. Alkhamis tayari ni mlango wa Ijumaa, kwa sababu ikifika magharibi Ijumaa imeingia, na watu wameanza kujitayarisha tangu mchana: nguo zinapigwa pasi, ubani unatafutwa, mchele unachambuliwa kama wa Bi Mkubwa. Jumatatu hata ukiifunga, ikifika usiku wake unaingia Jumanne, siku ya kazi kama nyengine. Mimi ndivyo ninavyoiona: wazee walihesabu mpaka ilipofika siku ambayo machweo yake ni ya Ijumaa, wakaweka hesabu chini.

Sasa nikupe kisa, maana umeniamsha.

Alikuwako mzee mmoja, mteja wangu, mwenye duka la vitambaa. Kila baada ya muda anakuja na saa yake ya dirisha, ya sahani ya Kiarabu, anataka niiweke akrabu zote mbili zisimame juu ya kumi na mbili pale jua linapozama. Miaka hiyo walikuwako bado wachache wa namna yake. Mimi ujana unanisumbua, nikamwambia: mzee, sote tunasoma saa kwa upande wa pili, akrabu ikiwa kwenye saba tunasema saa moja, na hajafa mtu. Akaniuliza neno moja: "Na siku?"

Sikumfahamu. Nikamfanyia kazi yake, nikamrudishia. Kesho yake karudi, hana hasira, kaweka saa mezani. "Imenigeuzia siku saa kumi na mbili za asubuhi. Nimetoka kusali alfajiri nikaona nimeshaingia Ijumaa, na huku naenda kufungua duka la Alkhamis."

Hapo ndipo nilipofahamu. Kwenye saa, ile sahani ya siku inageuka akrabu zikipita kumi na mbili, lakini kwa duru moja tu kati ya mbili. Saa haijui usiku wala mchana, inajua duru. Nilikuwa nimemtia duru ya asubuhi. Nikaisukuma akrabu mzunguko mmoja kamili, saa kumi na mbili nzima, nikamrudishia. Tangu hapo, akienda msikitini magharibi dirisha linasema khamis, akirudi limegeuka. Jua la kwetu halitangitangi, kuzama kwake mwaka mzima hakupishani hata saa nzima, kwa hivyo kila akija ni dakika chache tu za kusogeza.

Na sahani ile haigeuki kwa kishindo kama mlango. Meno yanashika kabla ya kumi na mbili, inasogea kidogo kidogo, na humalizia baadaye. Ndio maana tunawakataza watu kubadilisha siku kwa kitufe wakati huo, jino linavunjika. Kwa muda ule, dirisha linaonesha nusu ya jina hili na nusu ya lile. Mzee alipenda kuniwekea mkono mbele ya uso, saa za jioni, akipita hapa mezani kwangu: "Tazama, fundi. Tuko wapi sasa?"

Somo_wa_Mkoani (Jumamosi, saa 2:15 usiku)

Kwanza mwalimu, nawe ukaribishwe Pemba, na hiyo aibu itupe. Mtu aliyekuja na sukari siku ya pili ni bora kuliko aliyekuja na mdomo mtupu siku ya kwanza.

Pili, Jumasita yako nimeiona mimi. Iko kwenye miezi.

Sisi hatuisemi Shawwal, tunaisema mfunguo mosi. Ramadhani ikisha, watu wamefungua, ndio hesabu inaanza. Mfunguo pili, kisha mfunguo tatu, huo wa Hija na Iddi kubwa. Nne, tano, na mfunguo sita ndio wa Maulidi ya Mtume. Twende mpaka mfunguo kenda. Baada ya hapo tunaacha kuhesabu, tunaita kwa majina: Rajabu, Shaabani, Ramadhani.

Umeona? Ni vile vile alivyosema fundi wa siku. Kikubwa kikipita, kesho yake ni mosi. Kikubwa kikikaribia, hesabu inakaa kimya na majina yanaanza. Mimi nimewafundisha maharusi miaka mingi na siku zote nahesabu, lakini nisingeyaweka pamoja haya mawili lau si huyo mtoto wako wa nyuma.

Tena jengine. Sita, saba na tisa ni za kuazima kwa Waarabu. Bibi yangu alikuwa akihesabu nazi: mosi, pili, tatu, nne, tano, mtandatu, mfungate, nane, kenda, kumi. Mfungate ni saba. Ndiyo hiyo fungate ya bibi harusi, siku saba anazokaa ndani hatoki, mimi ndiye ninayemlisha na kumsinga. Watu wanasema fungate siku hizi hata wakienda hotelini siku tatu. Basi siku tatu si fungate, ni matembezi.

Kibatari (Jumamosi, saa 2:32 usiku)

Somo kanipiga, mimi fungate yangu ilikuwa siku mbili, bosi aliniita kazini.

Tena fundi atakwambia hii siyo Jumamosi saa 2:32 usiku.

FundiSaa_Darajani (Jumamosi, saa 2:40 usiku)

Sitamwambia. Anajua mwenyewe.

Mtu_wa_Makunduchi (Jumapili, saa 1:50 asubuhi)

Nachangia kidogo. Msidhani juma ndiyo hesabu pekee tuliyokuwa nayo. Huku kwetu mwaka wa jua ni wa Nairuzi, ule tunaoukoga mwezi wa Julai, na wakulima na wavuvi walihesabu kwa mwongo, siku kumi kumi. Miongo thelathini na sita, zinabaki siku tano. Babu yangu ukimuuliza atapanda lini mtama hakujibu Jumatatu wala Jumanne, alijibu mwongo wa ngapi. Juma lilikuwa la msikiti, chuo na mialiko. Mwongo wa shamba na upepo.

Mwalimu_wa_Kuja (Jumatatu, saa 10:05 jioni)

Nimerudi kutoa taarifa.

Nilichora sahani ubaoni, duara kubwa, majina saba ya Kiswahili kwa nje na saba ya Kiarabu kwa ndani, na nafasi ya namba pembeni ya kila moja. Yule kijana wa nyuma nilimwita yeye ndiye azunguke na chaki. Alipofika arbaa akasimama kama ulivyosimama wewe na bisibisi, fundi. Akasema: "Hii nne." Akageuka akanitazama, akaandika 5 kwa nje bila mimi kumwambia. Alipofika khamis aliandika 5 kwa ndani, akafika nje, mkono ukabaki hewani. Msichana wa mbele akapiga kelele: "Usiandike kitu, hiyo haihesabiwi!"

Nusu ya darasa wanasoma chuo jioni. Nikawauliza nani hana chuo Alhamisi jioni, mikono ikaruka yote. Nikawauliza chuo wanaanza siku gani, wakasema "Jumaamosi", wakavuta kama ulivyosema, na mimi hiyo nilikuwa naisahihisha tangu nimefika nikidhani ni kosa la matamshi.

Kwa Bi Mkubwa nimepita asubuhi kuchukua vitumbua. Nimemsimulia habari ya saa ya yule mzee. Akacheka mpaka akashika kiuno, halafu akaniambia mjukuu wake anasomewa dua usiku wa Alkhamis hii. Nikamwambia: "Yaani Jumatano, baada ya magharibi." Akanitazama kidogo. "Kwani nimesemaje?"

Somo_wa_Mkoani (Jumatatu, saa 10:40 jioni)

Safari hii sukari mpelekee mapema, ipikiwe chai.

Kibatari (Jumatatu, saa 11:15 jioni)

Fundi, nina saa ya ukutani ya marehemu baba, inagonga lakini haitembei. Nikija Unguja nakukuta siku gani?

FundiSaa_Darajani (Jumatatu, saa 11:30 jioni)

Ije na ufunguo wake, usiusahau nyumbani. Ijumaa sifungui. Njoo mosi.